Msonobari Ulionyolewa

Kinyozi huyu alikuwa na kipara. Ndiyo, kinyozi mwenye kipara, na watu walikuwa wamelicheka jambo hilo wakachoka miaka mingi nyuma, likabaki jina tu. Kipara. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha naye. Akiwa hana furaha alimwita "wewe baba", na ukisikia "wewe baba" ikishuka ngazi kutoka juu, ujue leo kuna neno.

Duka lilikuwa chini: chumba kimoja, kioo kirefu, viti viwili. Alinyoa peke yake, kwa hiyo kiti cha pili kilikuwa cha maongezi. Juu ya duka ndipo walipoishi, na juu ya hapo kulikuwa na paa la zege, bapa, lenye ukuta wa kufika kiunoni. Watu kwenye mapaa kama hayo huanika nguo na kuweka tangi la maji. Kwa Kipara tangi lilikuwepo na kamba zilikuwepo, ila vyote vilisukumwa pembeni vikabanana, kwa sababu upande wote wa jua ulikuwa wa misonobari.

Msonobari unaoujua wewe ni ule mrefu, unaoinua kichwa ndipo uuone wote. Hii ilikaa kwenye vyungu bapa kama sinia, na uliokuwa mrefu kuliko yote haukufika gotini. Wala usidhani ni miche. Ni miti mizima, mingine imeishi kuliko ndoa nyingi, iliyofundishwa polepole kubaki midogo. Gome lake limepasuka kama kisigino cha mtu wa kutembea peku, shina limepinda, matawi yamelala. Ukiinama macho yakawa sawa nayo, unaona mlima na upepo wake. Wenye ujuzi wanaita bonsai. Kipara aliita "ile miti ya mama", na mama mwenyewe ni mkewe.

Mke huyo na mdogo wake wa kike walifanya kazi kwenye kitalu cha miche tangu wakiwa wasichana. Mwenye kitalu alikuwa bibi mmoja mkali, hana maneno mengi, akawafundisha wote wawili kwa kuwapiga vidole walipokosea. Mdogo mtu alibaki kitaluni hadi leo. Mkubwa aliolewa na kinyozi, akaondoka na msonobari mmoja ndani ya kapu, zawadi ya bibi yule. Ndio huo uliokuwa mkubwa kuliko mingine yote pale juu. Mke aliuita Mzee. Kipara, kwa wivu wa mzaha, aliuita mume mwenza.

"Umeshamnywesha mume mwenza wangu?" angeuliza asubuhi.

"Amekunywa. Tena yeye hanung'uniki kuhusu chai kama wewe."

Sheria ya paa ilikuwa moja tu: mkasi wa kinyozi usipande ngazi. "Wewe unajua vichwa," mke alimwambia. "Kichwa ukikikosea, kinaota, mwenyewe anasahau. Huyu ukimkosea anakaa na kosa hilo." Kipara alikuwa anacheka, anateremka zake. Kazi yake ilikuwa kubeba ndoo.

Basi mke akaugua, baridi ilipoanza, na baridi ilipoisha yeye hakuwepo tena. Lilikuwa jambo la haraka. Kabla ya kulazwa alikuwa amepanda juu, amejifunga shali, akambadilishia Mzee udongo, akapunguza mizizi. Halafu akavisha waya tawi la chini, lililokuwa limeanza kunyanyuka kama mkono wa mtu anayetaka kuuliza swali. Waya huvishwa baridi, mti ukiwa umelala. Alipomaliza akashuka, akasema mgongo unauma. Ndiyo hivyo.

Kipara hakulia. Si kwamba alijikaza; hapakuwa na cha kukaza. Pale makaburini alisimama nyuma ya mtu mmoja, binamu wa marehemu, na muda wote wa maombi alikuwa anatazama kisogo cha yule binamu, kilichochongwa upande mmoja juu, upande mwingine chini. Alifikiri: nani kamfanyia hivi? Akafikiri hivyo tena na tena. Watu walimshika mabega, wakamwambia, "Lia, ndugu yangu, utapasuka." Akaitikia kwa kichwa, kama mteja anayeulizwa kama maji ni ya moto sana.

Akafungua duka. Mikono ilikuwa inajua kazi, haikumhitaji. Asubuhi alipanda na ndoo kwa sababu ndoo ilikuwa mlangoni, akanywesha, akashuka. Chakula alikula. Ukimuuliza alikula nini, hakumbuki. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Baridi ilipoachia, misonobari ikatoa mishumaa. Ndivyo wanavyoiita wenye kazi hiyo: kila ncha ya tawi inasimamisha chipukizi jembamba, rangi ya maziwa, limenyooka kama mshumaa kwenye keki. Hapo ndipo mke alipokuwa akipanda na kigoda chake. Mishumaa ya juu yenye nguvu aliivunja kwa vidole, ya chini yenye unyonge akaiacha, ili mti usiote kichwa kikubwa na miguu myembamba. Mwaka huu hakuna aliyekuja na kigoda. Kipara aliiona mishumaa, akapita na ndoo. Ikarefuka, ikafunguka, ikawa sindano, maana majani ya msonobari ni sindano, na Mzee akavimba pande zote.

Siku moja ya mapumziko, duka limefungwa, Kipara alisimama mbele yake. Alichokiona hakikuwa mti. Aliona mtu ambaye hajafika dukani kwake kwa miezi mitatu. Koti la kazi alikuwa nalo mwilini, na mkasi ulikuwa mfukoni, sababu siku hizo alikuwa anavua koti akikumbuka tu.

Akaanza kwa kuchana, kitana kinatangulia na mkasi unafuata, toka chini kwenda juu kama kawaida. Akasawazisha pembeni. Akazunguka nyuma, akarudi mbele, akafumba jicho moja, akapunguza kidogo kushoto. Kila sindano iliyotokeza aliikata ikawa sawa na wenzake, na kila mshumaa uliobaki nao akaupitishia mkasi. Hakuwa na furaha, ila mikono ilikuwa na kazi na mbele yake palikuwa na kichwa. Alipomaliza akapuliza vipande, akashika mfuko wa koti kutafuta poda. Hapo akasita. Mzee alikuwa duara, safi, kama mwanafunzi siku ya kupigwa picha.

Siku kadhaa baadaye ncha zikaanza kubadilika. Kila sindano, pale pale mkasi ulipopita, ikawa kahawia. Mti mzima ulionekana kama mtu amezunguka na sigara akiunguza ncha moja moja.

Shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, alikuja siku yake ya mapumziko na mfuko wa changarawe ya vyungu begani. Alipiga hodi dukani, akapita moja kwa moja kwenda juu. Kipara alikuwa anamnyoa Dereva wa lori, mteja wake wa zamani mwenye mdomo usiofungika. Mara sauti ikashuka ngazi.

"Shemeji! Hebu panda. Acha hicho kichwa, panda."

Kipara akapanda. Dereva naye akapanda nyuma yake, shuka la kunyolea bado shingoni, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado.

Shemeji alikuwa amechuchumaa mbele ya Mzee. Hakugeuka. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Umemfanya nini?"

"Nimempunguza."

"Kusema haki," Dereva akasema, "kachonga vizuri. Tazama pembeni pale, mstari mtupu."

"Na wewe nusu kichwa nyamaza." Akageuka sasa. Macho yalikuwa mekundu. "Shemeji, sindano haikatwi katikati. Ukiikata inaungua pale ulipoikata. Unavunja mshumaa ukiwa mchanga, au unasubiri jani la zamani uling'oe zima. Si kunyoa! Na mishumaa michanga nayo umeipitia?"

"Nilisawazisha kila kilichotokeza."

"Na dada alikuwa kamkata mizizi."

"Ndiyo. Baridi ile."

"Basi chini kakatwa na juu kakatwa." Akapitisha kidole kwenye gome, taratibu, kama anayetafuta mapigo. "Nguvu atatoa wapi?"

"Atakufa?"

"Sijui."

Kipara alitafuta hofu ndani yake, mahali ambapo inapaswa kukaa, akakuta pamefagiliwa. Shemeji alikuwa anamtazama.

"Wala huogopi," akamwambia.

"Naogopa," Kipara akasema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Shemeji akainuka, akajipangusa magoti. "Naichukua yote. Kesho nakuja na gari la kitalu. Ni ya dada, na mimi sina kitu kingine cha dada. Sitakaa kule nikisikia inakufa mmoja mmoja huku."

"Ichukue," Kipara akasema. Akatazama vile vyungu, akaviona vyungu tu. Halafu mdomo wake ukasema, kabla yeye hajajua utasema nini: "Huyu mwache."

"Huyu? Huyu ndiye mgonjwa!"

"Mwache, shemeji."

"Umnyoe tena?"

"Mwache."

Shemeji akavuta pumzi ndefu. Akahesabu masharti kwa vidole mbele ya pua ya Kipara kama vile bibi wa kitalu alivyokuwa akifanya: hakuna mkasi, hakuna kunyoosha, hakuna mbolea, hakuna kumhurumia. Jua, na maji udongo ukikauka juu. Basi.

"Mwaka huu haguswi. Baridi ikirudi nitakuja kumtazama. Nikikuta ana macho, anakaa. Macho ni yale machipukizi ya mwakani, yanakaa kwenye ncha yanangoja. Nikikuta hana, au nikikuta umemgusa hata unywele mmoja, namchukua, na usiniite shemeji."

"Sawa."

"Hayo ndiyo mambo ya kusema kwa mtu mwenye kipara," Dereva akanong'ona njiani wakishuka, "usiguse hata unywele." Kipara akamalizia kile kichwa. Alikimaliza vizuri.

Kesho yake gari la kitalu lilikuja. Kipara alisaidia kubeba vyungu, kimoja kimoja, kwa ngazi zote zile. Paa likabaki na miraba ya unyevunyevu pale vyungu vilipokuwa vimekaa, na jua likaikausha. Akabaki Mzee peke yake.

Kwa kinyozi hakuna adhabu kama kuambiwa usifanye kitu. Ukimpa mtu wa namna hiyo mti wa kukatwa kila siku atakushukuru. Kipara alipanda kila asubuhi, akachomeka kidole kwenye udongo kama mke alivyokuwa akifanya, ukiwa mkavu akanywesha, ukiwa na unyevu akashuka. Kabla ya kupanda alitundika mkasi msumarini dukani, akajipapasa mifuko mbele ya kioo kama mtu anayejipekua mwenyewe. Mvua zilipozidi alikumbuka kitu ambacho hakuwahi kujua kwamba anakijua: mke alikuwa anaweka kipande cha ubao chini ya chungu, upande mmoja, chungu kiinamie na maji yatiririke. Akatafuta ubao. Ulikuwa nyuma ya tangi, pale pale alipouacha. Akauweka.

"Mgonjwa yukoje?" Dereva alikuwa akiuliza kila akija kunyolewa.

"Yupo."

"Na wewe?"

"Nipo."

"Basi mpo," Dereva akasema, akafumba macho chini ya shuka.

Joto lilipita. Siku zilipoanza kuwa fupi, sindano za ndani, zile za karibu na shina, zikageuka njano. Kipara alizitazama asubuhi mbili tatu, kisha akampigia shemeji simu kutoka dukani, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi.

"Zinageuka njano."

"Za ndani au za nje?"

"Za ndani."

"Hizo za zamani. Ndio msimu wake, zinaachia. Zima hiyo mashine, sikusikii."

Akazima. "Nizing'oe? Nasikia ndio wakati wa kuzing'oa."

"Kwa mti mzima, ndiyo. Nilikwambia nini kuhusu huyu?"

"Nizifagie tu zikianguka?"

"Fagia. Kufagia unaruhusiwa. Unakula, shemeji?"

"Nakula."

"Haya."

Baridi ikarudi. Shemeji akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumapili. Jumamosi mchana, duka likiwa tupu, Kipara alipanda juu, na alipofika pale alikuta mkasi uko mkononi. Hakukumbuka kuutoa msumarini.

Mzee alikuwa mbaya. Lazima lisemwe. Zile ncha za kahawia zilikuwa bado zipo, mamia kwa mamia, na upande mmoja matawi mawili madogo yalikuwa yamekauka kabisa. Kipara alivaa miwani akatafuta hayo macho aliyoambiwa. Hakuyaona. Hakuwahi kufundishwa yanakaaje. Alichoona ni kahawia tupu, na alijua kesho shemeji atapanda, ataona kahawia hiyo hiyo, na chungu kitashuka ngazi mikononi mwake.

Ingekuwa kazi ndogo. Kupunguza ncha tu, pale palipoungua, chembamba, kwa mkono mwepesi alionao. Mti ungekuwa kijani kabla ya chai. Wateja wangapi amewaficha makovu, mapunye, na kichwa kilichokosewa na kinyozi mwingine, wakatoka dukani kwake wakijitazama kwenye vioo vya magari? Mkono wa kulia ulikuwa tayari unakata hewa. Akaingiza kidole cha kushoto chini ya tawi la chini ili alishike vizuri, na kidole kikagusa waya.

Alikuwa ameusahau. Ulikuwa umezunguka tawi toka shinani, mzunguko baada ya mzunguko, nafasi sawasawa, mshazari ule ule, mkono wa mtu asiye na haraka. Na kule mwisho ncha ya waya ilikuwa imekunjwa ndani. Mke alikunja ncha zote namna hiyo, tangu siku moja ya zamani Kipara alipokwaruzwa kiganja kizima akibeba ndoo, akalalamika wiki nzima kama mtu aliyepigwa risasi.

Akaitazama hiyo ncha iliyokunjwa. Kisha akaona kitu kingine: waya ulikuwa umeanza kuzama. Tawi lilikuwa limenenepa ndani yake, gome limefura pande zote za waya. Mti uliokufa haunenepi. Hilo hata kinyozi analijua, ila hakulifikiria kwa maneno. Alichofikiria ni kwamba ameambiwa asiguse. Akaufunga mkasi, akashuka, akautundika.

Jumapili shemeji alipanda bila hodi. Akachuchumaa. Kipara alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mtu anayengoja majibu ya vipimo.

"Ncha zote zipo," shemeji akasema baada ya muda.

"Zipo."

"Hata moja hujakata."

"Nilitaka."

"Najua ulitaka. Ungekata ningeona ncha mpya." Akatenganisha sindano kwa vidole viwili, kwa upole, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Akatenganisha pengine, na pengine. "Njoo hapa. Vaa miwani. Hapa, katikati ya sindano, si pembeni. Unaona?"

Kipara akainama. Kitu kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi ya kutu, kimefunikwa magamba.

"Hicho?"

"Hicho. Na hiki. Na pale. Yale matawi mawili yamekwenda, hayo tuseme basi. Lakini huyu atakuja na mishumaa." Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Anakaa."

Kipara alingoja furaha ije. Haikuja, au ilikuja ikasimama mbali. "Asante, shemeji," akasema.

"Bado. Waya unamla. Lazima utoke leo." Akatoa koleo la kukatia waya kwenye mfuko, akamnyooshea. "Usiukunjue, utavunja tawi. Kata kipande kipande, kila mzunguko, uuache uanguke wenyewe."

"Kata wewe. Mimi nimekatazwa."

"Sikuuvisha mimi."

"Wala mimi."

"Wewe ulikuwa mumewe."

Kipara akashika koleo. Akaanza mwishoni, pale kwenye ncha iliyokunjwa. Waya ukalia, kipande kikaanguka kwenye chungu. Akakata kingine. Mkono ambao haujawahi kumkata mteja hata sikio ulikuwa unatetemeka, akalazimika kuushika kwa mkono wa pili, na shemeji alitazama ng'ambo ya ukuta, kwenye mapaa ya watu, hakumsaidia. Kipande baada ya kipande hadi shinani. Tawi lilibaki pale pale lilipowekwa, limelala, halikunyanyuka. Na juu ya gome kulikuwa na mfereji unaozunguka, nafasi sawasawa, mshazari ule ule.

"Itafutika?" akauliza.

"Miaka. Labda isifutike."

"Si neno."

Akaokota vipande vya waya kimoja kimoja, akavitia mfuko wa koti, kule kinakokaa kitana. Shemeji akamwambia mishumaa ikitoka asiiguse, amwite, na mwaka wa pili atamfundisha kutumia vidole, na akikosea atampiga. Kipara akasema sawa.

"Kipara!" Sauti ya Dereva ilipanda kutoka mtaani. "Najua ni Jumapili! Kesho nasafiri na kichwa kama kichaka!"

Akashuka, akafungua duka, akamkalisha, akamfunga shuka. Akauchukua mkasi msumarini. Kisha akausimamisha hewani, juu ya kisogo cha Dereva, na hakuushusha.

"Vipi?" Dereva akauliza kwenye kioo.

"Mkono. Ngoja kidogo."

Akakaa kwenye kile kiti cha pili, cha maongezi, ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukikalia. Kilikuwa laini kuliko alivyodhani. Dereva akamtazama kwenye kioo. Wakakaa hivyo wawili mbele ya kioo, mmoja na nywele nyingi na mwingine hana hata moja, wakingoja mkono utulie.